8,191 Kwenye Mchanga wa Mwigobero

Nakumbuka siku moja nikiwa darasa la saba, Musoma, miaka ile ya uhaba ambapo daftari lilitafutwa kama sabuni. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na nafasi moja ya mashindano kule Bunda. Alisema atampa mwanafunzi atakayemletea namba tasa iliyozidi elfu mbili. Mwanangu, nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote.

Namba tasa, kama umesahau, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nami nilijiona nimegundua siri. Panga mbili mara mbili, tatu, tano au saba, uzizidishe zote, kisha utoe moja: unapata 3, 7, 31 na 127. Zote tasa. Basi nikapanga mbili kumi na moja, nikapata 2,047. Nikaijaribu kwa namba tasa moja baada ya nyingine mpaka 19, karatasi ikajaa. Karatasi nilikuwa na hiyo moja tu, nikajiambia inatosha.

Mwalimu aliitazama, akaandika ubaoni: 23 × 89.

"Ulibakiza hatua moja," akasema. "Ijumaa niletee nyingine."

Darasa lilicheka, masikio yangu yakawaka kwa aibu.

Alasiri nilimkuta shangazi Nyabwire, aliyekuwa akinilea, anakusanya dagaa zake pale ufukweni Mwigobero. Nikamsimulia. Mambo ya namba tasa hakuyajua, lakini kosa langu alilielewa upesi kuliko mimi.

"Karatasi imeisha, na mchanga nao umeisha?" akaniuliza. "Mimi hizi dagaa nageuzaga mpaka za mwisho. Nikiachaga mstari mmoja, mchuuzi anakuja kuukuta huo huo."

Akanipa kijiti na uwanja wake wote wa kuanikia. Nikapanga mbili kumi na tatu, nikatoa moja: 8,191. Safari hii nilijua pa kufika. Namba mbili zikizidi 90 zote, ukizizidisha zinaipita 8,191, kwa hiyo namba tasa ya mwisho kujaribu ni 89. Kwa 7 ikabaki moja. Kwa 13 ikabaki moja tena, nikaendelea. Nilizijaribu zote ishirini na nne, na kwa 89 ikabaki tatu. Nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Shangazi akaweka ungo chini tukacheza, yeye bila kujua tunachezea nini.

Ijumaa mwalimu alimaliza kipindi kizima akitafuta kigawanyo. Mwisho akajipangusa chaki mikononi, akasema, "Jiandae kwa Bunda."

Mwanangu, mara ya kwanza niliiacha karatasi iniamulie mwisho wa kazi. Wewe usiiache. Mambo manne yakifuatana vizuri, la tano lijaribu kabla hujalitangaza. Jua kazi yako inaishia wapi, ufike hapo hapo.

Mungu akujalie furaha niliyoipata mchangani pale, na siku karatasi yako itakapoisha, akuletee mtu wa kukupa kijiti.