Sauti Iliyomsimamisha Verlene

"Hebu niambie, Dada Verlene," Nadine Kessinger aliuliza siku moja, ameegemea uzio unaotenganisha nyua zao. "Wewe ambaye hata panya ukimnasa unakwenda kumwachia porini, unafuata nini kule kwenye milio ya bastola kila Jumamosi?"

Verlene Tackett alikuwa akipakia pikapu yake: dumu la chai baridi yenye sukari, sinia la mikate midogo ya siagi, na kizibao chekundu alichokikunja vizuri kama kitambaa cha meza ya Bwana. Akacheka.

"Nafuata watu, Nadine. Wakiingia kumi, nataka kumi warudi nyumbani kula chakula cha mchana."

"Basi si wangebaki nyumbani tu? Wangekula mapema."

Verlene akawasha gari. Lakini swali hilo lilimkaa moyoni, kwa sababu zamani na yeye angeliuliza vivyo hivyo.

Alikuwa amepika miaka ishirini na sita katika jiko la shule ya msingi pale Pilot Ridge. Watoto aliowapakulia viazi vya kuponda sasa wana ndevu, na wakikutana naye dukani humwamkia wakiwa wamevua kofia. Mumewe Delbert alipofariki, alibaki peke yake mwisho wa barabara ya changarawe, mahali ambapo ukimpigia simu polisi wa wilaya, unaweza kukanda unga, ukaoka mkate, na mkate ukapoa kabla hajafika. Kaka yake akamletea bastola ndogo ya kutiwa mkobani. Verlene akaibeba nusu mwaka mzima, kama mtu anayebeba mwavuli ambao hajui kuufungua.

Siku alipoamua kwenda uwanja wa shabaha, alimkuta Mzee Roscoe Amburn kwenye maegesho, na kizibao chekundu cha msimamizi wa usalama kifuani. Verlene akaingiza mkono mkobani, akaitoa bastola, akamwonyesha.

"Samahani, Mzee. Hivi hii ina risasi?"

Mtutu ulikuwa ukimtazama mzee wa watu kitovuni. Mzee Roscoe hakupiga kelele. Alisogea hatua moja kando, kama anayempisha mwanamke mlangoni.

"Mama, igeuzie kule kwenye tuta la udongo," alisema. "Polepole. Kidole kitoe hapo. Vizuri. Sasa ilaze juu ya boneti. Ahsante sana. Sasa tupumue, mimi na wewe."

Ilikuwa na risasi saba.

Angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimfundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka magoti yake mwenyewe yalipokataa kusimama. Siku hiyo alivua kizibao, akamvika Verlene mbele ya wanachama wote. Ilikuwa miaka kumi na mmoja sasa. Kila alipokifunga vifungo, Verlene alimshukuru Mungu kwa ajili ya hatua ile moja ya kando. Watoto hakujaliwa, mume alikuwa kaburini, jiko la shule lilikuwa limepata mpishi mwingine. Kizibao kile ndicho kilichomwambia kila Jumamosi kwamba bado kuna watu wanaomhitaji.

Waliomsumbua zaidi hawakuwa wageni. Mgeni huogopa, na anayeogopa husikiliza. Waliomsumbua ni hawa wabebaji, ambao wana kibali cha kutembea na silaha, na bastola imeshakuwa kwao kama funguo za nyumba. Mtu wa namna hiyo hufika na silaha iliyojaa chini ya shati, akataka kuitoa pale pale alipoegesha gari, au chooni, au amwonyeshe rafiki yake jinsi ilivyo nzuri.

"Iliyo kiunoni ibaki kiunoni," Verlene alikuwa akiwaambia, kwa sauti ile ile aliyowaambia watoto wasikimbie na sahani ya supu. "Njoo nayo hivyo hivyo mpaka kwenye meza. Uso wako kwenye tuta. Nikikuambia, ndipo uichomoe, uitoe risasi. Wakati wa kuondoka, unaijaza hapo hapo mezani, si ndani ya gari. Na aliyekuja na mbili, moja ya mazoezi na moja ya mwilini, asiisahau ile ya mwilini. Hiyo ndiyo itakayokuaibisha."

Coy Treadway, fundi wa matrekta, mwili kama ghala la nyasi, alikuwa na ugonjwa wa kuigusa yake kwa kiwiko kila dakika.

"Coy, hiyo bastola haijaota miguu. Acha kuipapasa."

"Naiambia tu kwamba nipo, Dada. Isije ikajiona yatima."

Neno kubwa kuliko yote pale uwanjani lilikuwa "Simamisha!" Likisikika, kila mtu huacha, huilaza silaha ikiwa tupu na wazi, mtutu kwenye tuta, kisha hurudi nyuma ya mstari wa njano akiwa mikono mitupu. Hakuna kugusa chochote juu ya meza mpaka aliyekwenda kubandika karatasi za shabaha amerudi. Na neno hilo, Verlene alisisitiza, si la mwenye kizibao peke yake. Ni la kila mtu. Hata aliyekuja leo.

Jumamosi moja ya Oktoba alikuwa na mgeni wa mara ya pili, Tansy Loomis, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anayezunguka vijijini kuwauguza wagonjwa majumbani mwao. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea vyumba vya wagonjwa. Verlene akamtaka ajaribu lile neno.

"Simamisha," akasema Tansy.

"Kwa sauti hiyo hata paka hataacha maziwa," Coy akadakia. Watu wakacheka.

"Toka tumboni, binti yangu," Verlene akamwambia. "Kama vile mtoto anakimbilia barabarani."

"Simamisha!"

"Afadhali. Paka ameinua kichwa," akasema Coy.

Sasa, asubuhi hiyo Verlene alikuwa amepitia kwa Bibi Clarice Munday, mwenye miaka tisini, kumwachia supu ya kuku. Bibi Clarice ana maneno mengi, akamchelewesha. Verlene alipofika uwanjani alikuta foleni langoni, watu wakipuliza vidole kwa baridi. Kwa kawaida, kabla ya kuvaa kizibao, huichomoa bastola yake mezani na kuitoa risasi kama anavyowaambia wengine, kisha huifungia kwenye kisanduku cha chuma chini ya kiti cha gari. Siku hiyo alivaa kizibao, akatupia mkoba begani, akakimbilia langoni.

Karibu saa tano waliposimama kubandika karatasi, Coy na wengine wawili walikwenda mbele kwenye shabaha. Verlene aliweka mkoba juu ya meza kuwatolea utepe wa gundi, akauacha hapo. Vumbi la majani makavu likamkaba koo. Akaanza kukohoa, akaingiza mkono mkobani kutafuta peremende za kifua. Kitu kilikuwa kimezizuia. Akakitoa, akakishika mkono mmoja, huku mwingine ukiendelea kupekua.

"SIMAMISHA!"

Ilitoka tumboni hasa. Kunguru waliruka kutoka kwenye miti ya mialoni. Kule mbele Coy aliganda na utepe mdomoni. Verlene akashtuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akimtafuta mkosaji.

"Nani?" aliuliza. "Nani amegusa?"

Tansy alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa njano, mweupe kama chaki. Hakuwa akimtazama mtu mwingine yeyote.

"Ni wewe, Mama Verlene. Mkononi mwako."

Verlene akautazama mkono wake. Ilikuwa bastola yake mwenyewe, ndani ya ala yake ya ngozi, na mtutu ulielekea moja kwa moja kwenye mgongo wa Coy Treadway.

"Ilaze," akasema Tansy. "Usiigeuze huku. Ilaze tu, halafu njoo nyuma."

Verlene akailaza. Akarudi nyuma ya mstari, mikono mitupu, kama alivyowafundisha watu miaka kumi na mmoja.

Wale watatu waliporudi, akaomba ruhusa ya kuikaribia meza, Coy akisimama begani pake. Akaifungua uso ukiwa kwenye tuta. Risasi iliyokuwa kwenye chemba ikaruka, ikabiringika juu ya ubao, ikasimama kando ya peremende.

"Haya, yamekwisha," Coy akasema, akiwageukia wote. "Ilikuwa ndani ya ala, kidole hakikugusa. Na wewe, binti, umemkaripia Dada Verlene kama mbwa aliyeiba nyama. Mama huyu alikuwa hapa wewe ukiwa bado unajifunza kuendesha gari."

"Ilikuwa inakuelekea wewe," Tansy akasema, akiinamisha macho.

"Basi kama ilikuwa yangu, nimesamehe. Sikuona kitu. Jamani, nani ameona kitu?"

Mmoja akatazama viatu vyake, mwingine akafunga zipu ambayo ilikuwa imefungwa. Walikuwa wakimpenda, na wote walilijua sharti: mwenye kizibao akishika silaha watu wakiwa mbele, anakivua, mpaka kamati iamue. Verlene alijua kwamba akinyamaza tu, na wao watanyamaza, na Jumamosi ijayo ataoka mikate kama kawaida.

Akafungua kifungo cha juu.

"Dada, usifanye hivyo," akasema Coy, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Coy, ungekuwa wewe, ningekuambia nini?"

Coy akakuna kidevu. "Ungeniambia niende nyumbani."

Akavua kizibao, akakitundika kwenye msumari. Akafungua daftari la matukio, akaandika kwa mwandiko wake wa jikoni: jina lake, saa, alichokifanya, na jina la aliyemsimamisha. Akampa Tansy kalamu atie sahihi. Kisha akaenda kukaa ndani ya pikapu, akaweka paji la uso kwenye usukani. Alitaka kuomba msamaha kwa Mungu, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa ahsante. Ahsante kwa Coy mzima. Ahsante kwa sauti ile. Aliirudia mara nyingi, kisha akawasha gari.

Siku ya Alhamisi kamati ilikaa. Mwenyekiti, Lavon Eddings, alitaka kumpa onyo la mdomo. Verlene mwenyewe akakataa. Wakaamua akae bila kizibao mpaka Aprili, na arudie mafunzo yote tangu mwanzo, kwenye benchi la wageni.

Nadine alizipata habari kabla Verlene hajafika nyumbani.

"Unaona sasa! Si nilikuambia? Nyani haoni..." Akajikumbuka, akameza sehemu iliyobaki.

"Malizia tu, Nadine. Ni kweli, sikujiona. Aliniona mwingine, na watu wangu wote walirudi kula."

Jumamosi iliyofuata Tansy hakuja. Wala iliyofuata hiyo. Verlene akachukua mtungi wa jamu ya tufaha aliyoichemsha Septemba, akaenda kugonga mlango wake. Tansy alifungua akiwa na sare za kazi, akarudi nyuma nusu hatua.

"Mama Verlene. Najua. Watu wanasema nimekuvua heshima."

"Umenivua kizibao, mwanangu. Heshima ningevuliwa na jeneza la Coy. Nimekuja kukushukuru."

"Nilidhani umekuja kunigombeza."

"Nakugombeza kwa Jumamosi mbili ulizokosa. Shika mtungi huu kabla haujaniponyoka. Na tarehe ishirini na tatu unakuja, kwa sababu nakaa benchi la wageni, na sina wa kukaa naye."

Tansy akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akaweka chai jikoni.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu kwa Verlene. Coy alivaa kizibao kwa muda, na kila Jumamosi kilimbana kama soseji. Verlene alikaa benchi la wageni na daftari magotini, akaulizwa maswali ambayo yeye ndiye aliyeyatunga. Lile la silaha iliyo mkobani alilikosa, kwa sababu alijibu haraka kabla ya kusikiliza, na Coy akalifurahia mwezi mzima. Siku nyingine alikitazama kizibao, akageuza macho. Lakini aligundua kwamba akiwa benchini alikuwa akitazama mikono ya watu kwa makini zaidi, ikiwemo yake.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili Lavon akawakusanya wanachama kwenye kibanda cha uwanja. Kura zilikuwa zimepigwa, na hata moja haikumkataa. Kizibao kilikuwa mezani, kimefuliwa. Tansy alikuwa amekaa karibu na mlango, ana mikate miwili mkononi.

"Ni chako, Dada Verlene," akasema Lavon. "Kivae tuanze kazi."

Verlene akasimama. Aliweka mkono juu ya kizibao, lakini hakukiinua.

"Nawashukuru," alisema. "Nitakivaa. Ila kwanza nina ombi. Nikikosea tena, msitazame umri wangu wala miaka niliyokaa hapa. Nipigieni kelele, kama Tansy alivyonipigia."