Mzungu wa Mitumba

Mwaka juzi, mwezi wa nane, kanisa letu lilipokea wageni kumi kutoka Uingereza, na kila mgeni akapangiwa boma la kulala wiki moja. Mchungaji aliposoma orodha na kunitaja, niliangalia chini nisionekane nikicheka. Msichana wangu alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Walimtaka mwezi wa tisa, karo ya muhula wa kwanza mkononi, na bonasi ya majani chai, malipo ya mwaka ya kiwanda, hutoka mwezi wa kumi. Mume wangu ni marehemu, ng'ombe ni mmoja. Nilijua kabisa ninachotaka kwa huyo mgeni, na sitajifanya kwamba nilitaka ushirika wa kiroho.

Jirani yangu alipewa daktari wa meno, mzee mnene ambaye siku ya pili tu alikuwa ameshaahidi tangi la maji. Mimi nikapewa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, meno mawili ya mbele hayapo, raba zimepasuka pembeni. Mkoba wake ulikuwa mdogo kuliko ule msichana wangu alikuwa anaenda nao bodingi. Wanawake wa kituo cha kuuzia majani walinimaliza. "Wako ni wa mitumba," mmoja aliniambia tukiwa kwenye foleni ya mizani. "Ungengoja wafungue belo lingine." Nilicheka nao, lakini roho iliniuma.

Jikoni ndipo nilipoanza kumjua. Alikula ugali na sukuma akaongezwa mara mbili, na mursik, maziwa yetu ya kibuyu ambayo wenzake walionja kwa ncha ya ulimi, yeye aliimaliza. Msichana wangu ndiye aliyekuwa akitutafsiria, kwa sababu Kizungu changu ni cha darasa la saba. Siku ya tatu mgeni aliuliza kodi ya nyumba hii ninamlipa nani. Nikamwambia simlipi mtu, ni yangu. Na shamba? Langu. Na majani yale hadi mtoni? Yangu pia. Akauliza tena, akidhani mtoto ametafsiri vibaya.

Ndipo akatueleza. Yeye hukaa katikati ya jiji, ghorofa ya kumi na moja, vyumba viwili vya serikali ambavyo kuta zake zinaota ukungu mweusi. Stima yake ni ya tokeni kama yetu, na wakati wa baridi huchagua kama atapika au atapasha nyumba joto. Mwanawe wa miaka saba anakohoa tangu azaliwe. Kila asubuhi hupanda mabasi mawili hadi nje ya jiji, kwa wenye nyumba za bustani, kuwasafishia vyoo. Mmoja wao ni kiongozi wa msafara, yule mama wa nywele nyeupe aliyekuwa akilala kwa mchungaji. Huyo huyo ndiye hugawa chakula cha msaada kanisani kwao, na mgeni wangu hupanga foleni kila Ijumaa kukipokea.

Nilikasirika. Nani amewahi kusikia mzungu anapanga foleni ya chakula cha msaada? Nikamwambia msichana wangu kwa Kipsigis, lugha yetu, kwamba huyu anatuzuga tusimwombe kitu. Lakini asubuhi yake alinionyesha picha kwenye simu: kitanda cha mtoto kimesogezwa katikati ya chumba kisiguse ukuta, na mtoto amelala na koti. Siku mbili zilizofuata tulichuna majani pamoja, vidole vyake vikatoka malengelenge, na hakulalamika. Nilimpenda, niseme ukweli.

Siku ya kuondoka kiongozi alikuja kwangu na mchungaji. Akasimama mlangoni, akaangalia jiko langu, kisha akaanza kuongea polepole, akitabasamu. Msichana wangu alitafsiri huku uso wake ukibadilika. Kila mwaka, alisema, humlipia nauli mtu mmoja kutoka kule jijini, wale wa kupokea chakula, aje kuona. Wanalalamika sana kwa sababu hawajawahi kuona umaskini wenyewe. Ndiyo maana alimwomba mchungaji ampeleke kwenye nyumba yenye shida zaidi. Sasa akaniomba nimweleze mgeni wangu maisha yangu yalivyo, ili arudi kwao na shukrani. Mkononi alishika bahasha, kwa sababu mchungaji alikuwa amemweleza habari ya chuo.

Mgeni wangu alikuwa amesimama hapo hapo nje, mkoba begani. Alisikia yote, maana ni lugha yake.

Nikamwambia msichana wangu, "Mwambie sisi tuna shida kuliko yeye."

"Mama, hiyo sisemi."

"Sema."

"Si ukweli. Wewe mwenyewe unajua."

Mchungaji akakohoa. Bahasha ilikuwa bado kwa yule mama.

Basi nikasema mwenyewe, kwa Kizungu changu hicho hicho. Nikasema tunalala njaa. Nikasema hatuna kitu. Nikamnyooshea mgeni wangu kidole nikasema yeye ana bahati, amshukuru Mungu. Nyuma ya mlango niliouegemea kulikuwa na magunia sita ya mahindi, na ni yeye aliyenisaidia kuyasogeza Jumanne. Mgeni wangu akamgeukia kiongozi wake, akasema ni kweli, sasa ameona, hatalalamika tena. Akanishika mkono, akanishukuru. Nilielewa kwamba ananisaidia nipate ile bahasha.

Niliipata. Msichana wangu yuko mwaka wa pili sasa, na wanasema atakuwa muuguzi mzuri. Namba ya yule mwanamke ninayo kwenye simu. Kumpigia kunahitaji mtu wa kunitafsiria, na msichana wangu hataki.