Homa ya Papasi na Chumba cha Mama Nyamizi

Siku niliyoripoti kazini katika maabara ya Tabora, Bwana Mkuu wa Maabara, Mwingereza, hakunionyesha kiti wala meza. Alinionyesha debe la mchanga, akaniambia nisogee. Nikatazama, sikuona kitu. Akaupulizia mchanga pumzi yake polepole, kama mtu anayepoza uji, na mchanga ukaanza kutembea. Wadudu bapa wa rangi ya udongo, wakubwa kama punje za kunde, walichomoza wakaufuata uvuguvugu wa kinywa chake.

"Hawa ndio papasi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Aliyekuwa hapa kabla yako aliumwa na mmoja tu. Tumemzika. Bado unataka kazi?"

Nilijibu kwamba naitaka. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Moraviani, nami nilikulia katika nyumba ya sakafu ya saruji, mbali na wadudu wa namna hiyo. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuifahamu hatari, lakini sikuwa nimesoma vya kutosha kupata kazi nyingine.

Wakati ule Waingereza ndio walioitawala Tanganyika, na Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha si zamani. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mpimaji Mkuu, Mzee Nasoro, mtu wa mtaa wa Kanyenye, wa ukoo wa Waarabu waliofika Tabora na misafara ya pembe za ndovu. Alinifundisha kudunga kidole, kulitandaza tone la damu juu ya kioo kama mtu anayepaka samli kwenye mkate, kulitia rangi, kisha kulitazama kwa darubini. Katika damu ya mgonjwa wa homa ya papasi utaona nyuzi nyembamba zilizojisokota kati ya chembe za damu. Nilipoziona mara ya kwanza niliondoa jicho haraka, kana kwamba zingeweza kupanda kunifuata.

Homa hiyo ilikuwa na hila. Ilipanda siku kadhaa, ikashuka, mgonjwa akaomba chakula na jamaa wakashukuru Mungu, kisha ikarudi. Wengine walikufa ghafla baada ya homa kushuka, wakati kila mtu amekwisha kushusha pumzi. Bwana Mkuu aliamini kwamba moyo ndio uliokuwa ukishindwa. Tena kulikuwa na jambo lililomnyima raha: katika vijiji vya njia ya zamani ya misafara, ambako papasi walijaa katika nyufa za nyumba, wenyeji watu wazima waliumwa kila siku wala hawakuugua sana. Mgeni akilala humo usiku mmoja tu, anaanguka.

"Mwili uliokwisha kupigana na ugonjwa huukumbuka," Mzee Nasoro alinieleza. "Adui akirudi, humtambua mlangoni. Hiyo ndiyo kinga. Bwana anataka kujua inakaa wapi katika damu, na inadumu kwa muda gani."

Kwa hiyo ilitubidi kuomba damu vijijini. Hapo nikakutana na hofu iliyowapita papasi.

Siku hizo kila mtu alikuwa amesikia habari za mumiani, watu wanaosemekana kukamata binadamu na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Sisi tulifika na lori, na sindano, na chupa, na Mzungu. Ungetuonaje? Katika vijiji vya kwanza tulikuta moto unafuka jikoni na hakuna hata kuku. Watu walikuwa wamekimbilia porini.

Katika kijiji kimoja upande wa Ulyankulu hawakukimbia. Walitungoja. Tulipoteremka kwenye lori wanaume walijitokeza nyuma ya nyumba wakiwa na mashoka na mikuki, wakalizingira gari. Mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji kwa Kinyamwezi, alisimama kati yetu na wao.

"Bwana," alimwambia Mkuu wetu, "mimi nimepewa amri niwapokee. Lakini watu hawa wakiamua, sina nguvu ya kuwazuia."

Mwanamke mmoja akapenya mbele. Ndiye Mama Nyamizi. Binti yake, Nyamizi, alikuwa mjamzito, hali inayopunguza kinga hata ya mwenyeji, naye yuko ndani anaungua na homa.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa lugha ya nyumbani, nikimwita mama.

Hakuitikia. "Wewe ni Mnyamwezi mwenzetu. Wamekupa nini hata ukawachukulia damu yetu?"

"Mayu, tunatafuta ugonjwa. Binti yako ana homa ya papasi. Wadudu wa ndani ya nyumba ndio wanaoileta."

"Papasi wametuuma tangu enzi za mababu. Mbona mimi mzima? Unasema ni nyumba yangu inayomwua mwanangu? Basi lala humo. Ukitoka mzima, wewe ni mwongo na tutajua la kukufanya. Ukiugua, nitakusikiliza."

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Bwana Mkuu alinishika bega. "Sikuruhusu. Hujapata kuumwa. Huna kinga yoyote."

Mzee Nasoro alijitolea. "Nitalala mimi. Papasi wa Kanyenye walinila tangu utotoni."

"Wewe hatukutaki," Mama Nyamizi alimkata. "Namtaka huyu aliyenisalimu."

Nilitazama yale mashoka, nikamtazama dereva aliyekuwa amekwisha kufumba macho na kuanza kusali. Wengine wamewahi kuniita shujaa kwa nilichofanya. Si kweli. Niliogopa shoka kuliko homa, basi. Nikaingia.

Chumba kilikuwa na ukuta wa udongo na harufu ya moshi na mbuzi. Nililala juu ya mkeka, sikufumba jicho. Papasi haumi kwa uchungu. Utamsikia kama unywele unaopita juu ya ngozi. Kila nilipousikia unywele huo niliyasema moyoni majina ya mama yangu na wadogo zangu. Asubuhi nilitoka na madoa mekundu shingoni na kiunoni. Nilimweleza Mama Nyamizi kwamba homa huchukua kama wiki kuja; aliyatazama madoa kwa makini, akasema atangoja habari, akanipa maji ya kunawa, na lori likaachiwa lipite.

Kungoja ndiko kulikoniumiza zaidi. Nilirudi kazini Tabora, nikawa napima damu za watu na huku najigusa paji la uso. Wiki ilipokwisha nilisikia baridi mchana wa jua kali. Nilijidunga kidole mwenyewe, nikatia rangi, nikainamia darubini. Nyuzi zilikuwapo. Zile zile, ila sasa zilikuwa zangu.

Bwana Mkuu alinichoma penisilini, dawa iliyokuwa bado mpya kwetu. Saa chache za kwanza baada ya sindano ndizo za hatari, kwa sababu vidudu hufa kwa pamoja, homa hupanda kama moto wa nyika, na moyo hukimbia mpaka unakaribia kujikwaa. Mzee Nasoro alikaa ameweka mpira wa kusikilizia moyo kifuani pangu. Nilimwuliza kama nakufa. Alisema, "Nyamaza, nasikiliza." Sijapata kuogopa neno kama nilivyoliogopa hilo.

Nilipona. Nikiwa bado nimelala wodini, niliona machela ya miti ikiingia mlangoni, na nyuma yake Mama Nyamizi, miguu yake imejaa vumbi.

"Niliambiwa umeanguka," alisema. "Basi ulisema kweli. Huyu hapa mwanangu. Homa ilimwacha, imerudi."

Nilitoka kitandani. Dawa ilipoingia katika mshipa wa Nyamizi, mimi ndiye niliyeshika kifundo cha mkono wake kuhesabu mapigo ya moyo. Yalikimbia, yakayumba, yakapotea chini ya kidole changu, yakarudi. Nilijua kwamba akifa mikononi mwetu, hakuna mlango utakaofunguliwa tena katika njia nzima ya misafara, wala mimi sitaweza kumtazama mama yake. Mama hakulia. Aliniangalia mimi usoni, akisoma humo hali ya mwanawe, nami nilijitahidi uso wangu usiseme chochote.

Jioni homa ilishuka. Nyamizi aliishi. Mimba ilitoka. Mama yake aliniambia, "Umenipa mmoja, mmoja ameondoka," kisha akakunja mkono wa gauni na kunyoosha mkono wake mwenyewe. "Chukua hiyo damu mnayoitafuta." Baada yake kijiji kizima kilikubali.

Kutoka hapo nilipelekwa Mwanza chini ya Mganga Mkuu wa Jimbo, mtu mkali aliyepima usafi wa vioo kwa kuvilamba. Kisha Kigoma, kisha tena Tabora, ambako baada ya uhuru nilikaa katika kiti cha Mpimaji Mkuu. Tulijifunza kwamba kinga ya homa ile haidumu daima. Mtu akihama miaka mingi, mwili husahau. Tulijifunza kusakafia nyumba na kuinua vitanda. Jinsi moyo unavyoshindwa hatukuifahamu vizuri, nami nilistaafu swali likiwa bado mezani.

Vijana huniuliza kama nilizoea. Sikuzoea. Kila damu niliyoipima ilikuwa ya mtu anayesubiri nje, na kila mara niliogopa nitakachokiona. Nadhani mpimaji asiyeogopa ataanza kuona vioo tu.

Juzi nilikwenda hospitali kwa sababu ya miguu kuvimba. Daktari ni binti mdogo, wa umri wa wajukuu zangu. Alinipa shikamoo, akapima sukari yangu, akaweka chombo chake kifuani pangu, akasikiliza. Akasogeza. Akasikiliza tena kwa muda mrefu, na uso wake ukawa hausemi kitu.

"Mjukuu wangu," nilimwambia, "uso huo naujua, nimeuvaa miaka mingi. Mimi naogopa, lakini wewe usiogope. Niambie."

Akavuta kiti, akakaa, akanishika mkono, akaniambia kwamba ni moyo, umeanza kushindwa.