Barua Yenye Adachan

Karani Mhindi wa Temeke, mwandikaji wa barua, alikuwa na desturi ya kufuta nibu ya kalamu kwenye nywele zake kila amalizapo mstari, ndiyo maana mvi zake za upande wa kulia zilikuwa za buluu. Wenye maduka walimletea barua zao za Kigujarati azigeuze Kiingereza kwa ajili ya ofisi za serikali, naye alizimaliza upesi huku akivumisha wimbo puani. Fundi Albano, seremala aliyefanya kazi kwenye baraza moja naye, alikwishazoea mkwaruzo wa kalamu hiyo kama alivyouzoea msumeno wake. Basi leo kulikoni? Tangu asubuhi kalamu kimya, na kamusi imefunguliwa pale pale.

"Neno gumu, karani?"

"Jepesi, fundi. Adachan, kama kikwazo hivi. Mke yuko Bara Hindi, anamwandikia mumewe: sitakuja, kuna adachan. Ofisi ya vibali vya kuingia Tanganyika inataka sababu kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno manne ya kulifasiri. Moja ni gogo njiani, la pili mkono unaokushika nguo, la tatu usumbufu wa siku mbili tatu, la nne ni mtu aliyekataa."

"Si umwulize huyo mume?"

Karani akafuta nibu kichwani, nayo haikuwa na wino. "Hajui."

Albano akasogea karibu. Kusoma hakujua, lakini bahasha ilikuwa mezani, na herufi zake alizitambua moja moja. Ndizo alizozichonga yeye mwenyewe kwenye kibao cha jina la karani, kilichoning'inia juu ya kichwa chake.