Mwandishi wa upelelezi kaja kupeleleza msiba wetu

Jamani, kuna watu hawana haya kabisa.

Leo tuko msibani kwa baba mdogo, hapa Tlawi. Kafa kwa presha, ukoo mzima unajua.

Akaja mwandishi wa riwaya za upelelezi kutoka mjini. Nikafurahi! Kitabu chake kilikuwa kwenye mkoba wangu, nikasema leo atanisainia.

Wazee hakuwapa hata shikamoo. Alipomaliza kula akahamia mkekani kwa mama mdogo, mjane mwenyewe, simu inarekodi.

"Mama, chakula chake cha mwisho nani alipika? Na shamba anabaki nalo nani?"

Mbele ya mashemeji zake! Wakaanza kumwangalia mama wa watu kama kaweka sumu.

Nikamwambia, "Kaka, huu ni msiba."

Akatabasamu. "Usijali, majina nitabadilisha."



Mama mdogo akainua uso. "Andika, mwanangu. Ila andika pia kwamba umekula makande yangu sahani mbili, na pole hujanipa."

Kitabu? Wapishi walikuwa wanatafuta karatasi za kuwashia moto.

Nikafungua mkoba.