Fundi wa spika akubali bintiye afanyiwe operesheni ya koo

Saa nne asubuhi, Kawangware. Spika tatu zinanguruma kwa pamoja katika kibanda cha Vincent Murunga, na hakuna jirani anayelalamika kwa sababu wamekwisha kuzoea. Ghafla fundi huyu anachomoa nyaya zote. Simu yake inaita.

"Ndiyo, daktari. Alhamisi? Alhamisi hii? Tutakuja! Saa kumi na mbili asubuhi tuko hapo!"

Anakata simu, anarudisha nyaya, anaongeza sauti hadi mabati yanatetemeka, kisha anacheza peke yake, bisibisi mkononi. Mzee Mbuthia, mwenye ploti, anachungulia kuona kama mpangaji wake amerukwa na akili.

"Nasike amepewa tarehe!" Murunga anapiga kelele.

"Wacha! Ile ya koo?"

"Ile ya koo, mzee!"

Nasike ni bintiye wa miaka minne. Alhamisi atatolewa mafindofindo pamoja na nyama iliyovimba nyuma ya pua, vitu vinavyomziba pumzi kila akilala. Ukimwona babake akicheza hivi, huwezi kuamini kwamba mwezi uliopita tu alikuwa akiikataa operesheni hiyo katakata.

Kwanza, jina ndilo lililowachelewesha. Familia hii inaishi mtaa wa Raila, Kibera, lakini kwao ni Bungoma, na mtoto alipewa jina la marehemu nyanya ya Murunga, mwanamke aliyesifika kwa kukoroma kijiji kizima. Nasike alipoanza kukoroma, watu walishangilia.

"Mamangu alisema, 'Kukhu amerudi!'" anasimulia Murunga, akitumia neno la Kibukusu la nyanya. "Mgeni akikuja tunamwambia, nyamaza kwanza usikie. Tulikuwa tunajivunia, hebu fikiria!"

Anacheka, lakini aibu inaonekana usoni mwake.

Mchana mmoja mwaka jana Nasike alilala kibandani. Stima ikapotea, spika zote zikanyamaza. Ndipo Murunga alipomsikia vizuri: anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Alihesabu hadi tisa kabla mtoto hajashtuka akivuta hewa kwa nguvu.

"Kazi yangu ni masikio. Spika ikikatika hivyo, siwezi ambia mteja ni kawaida yake. Nikajua huyu si kukhu. Huyu mtoto anakosa pumzi."

Alimrekodi kwa simu, akampeleka kwa Daktari Kilonzo, mtaalamu wa masikio, pua na koo. Daktari aliwapa njia mbili: dawa ya kupuliza puani kwa miezi mitatu huku wakimwangalia, au operesheni. Murunga alidaka dawa hata kabla daktari hajamaliza sentensi. Mamake akapiga simu na njia ya tatu: mtoto apelekwe ocha, kule kijijini, akatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Daktari aliikataa hiyo kabisa, akasema kimio sicho kinachoziba hewa, na kukikata kungemtoa mtoto damu bure.

Miezi mitatu ikaisha. Kukoroma kulipungua kidogo, kisha kukarudi. Mwalimu alilalamika kwamba Nasike anasinzia darasani. Daktari akasema sasa yeye angependelea operesheni. Murunga akagoma.

"Mimi hufungua vitu kila siku. Natoa skrubu kumi, narudisha tisa, na spika inaimba tu," anasema. "Lakini huyu ni mtoto. Niliogopa ile dawa ya kumlaza. Niliogopa asiamke."

Mkewe, Sella, anayeuza mboga Makina, hakubishana naye. Alimwacha afikirie kwa wiki mbili. Halafu siku moja wakila ugali akamwambia:

"Baba Nasike, wewe unaogopa usingizi wa saa moja na daktari amesimama hapo. Mimi naogopa ule wa kila siku, wenye hakuna daktari."

Murunga aliacha kula. Kesho yake alitia sahihi fomu ya kukubali operesheni.

Anakiri kwamba hofu haijaisha. Ameambiwa kuhusu damu, kuhusu maumivu ya siku kadhaa, na kwamba wako watoto wachache wanaoendelea kukoroma hata baada ya operesheni. Siku nzuri kibanda humpa shilingi elfu moja mia tano. Atakifunga siku tano, wala hajali. Nasike mwenyewe hana wasiwasi wowote. Ameshawatangazia watoto wa ploti nzima kwamba anaenda kununuliwa pua mpya.

Na fundi anatarajia nini? Hapo anapunguza sauti ya spika. Tangu siku ile ya stima kupotea, yeye na Sella hawajalala kwa wakati mmoja. Mmoja hulala hadi saa saba usiku huku mwingine akikaa macho kumgeuza mtoto pumzi ikikatika, kisha wanabadilishana.

"Nataka tulale wote watatu pamoja," anasema. "Hata kama ni siku moja. Halafu asubuhi, Nasike ndiye atuamshe."