Kaseti Mbichi ya Loresho

Asubuhi tuliyopiga ile video ya wimbo kwa kazi ya chuo, ukungu ulikuwa umejilaza barabarani Loresho, nami nikaona Mungu ametuongezea kifaa ambacho chuo hakikuwa nacho. Vyetu vilikuwa kamera moja ya kaseti ndogo, ambayo darasa zima lilipewa kwa zamu, stendi ya miguu mitatu iliyofungwa selotepu, na redio ya sidii ya mwenzangu. Binti huyo ndiye aliyekuwa mwimbaji. Baba yake, mkulima na mzee wa kanisa kule Kikuyu, alikuwa amemwambia muhula ujao anahamia uhasibu, kwa sababu muziki ni uvivu tu. Alikubali jambo moja: atakuja chuoni aione hiyo video, kisha aamue.

Mimi nilitaka binti aonekane anaelea. Ujanja wake ni huu: wimbo unauongeza kasi mara mbili kwenye kompyuta na kuuchoma kwenye sidii, mwimbaji anaufuatisha mbiombio, halafu ukihariri unapunguza mwendo wa picha. Mdomo unarudi sawa na wimbo, lakini shali na ukungu vinakwenda polepole, kama mambo ya usingizini. Redio ikalia kama kifaranga, naye akakimbizana nayo mara tisa.

"Aki wewe unanitesa tu," akaniambia.

"Kaa hapo kwa jiwe, tungoje hilo wingu lipite," nikamjibu, na kamera nikasahau kuizima.

Wiki mbili nilihariri kwenye maabara ya kompyuta, ghorofa ya nne katikati ya jiji. Programu ilikuwa nzito. Mashine ikikwama nilikunywa chai nikatazama dirishani, na hata watu wa huko chini niliwaona kana kwamba nimewapunguza mwendo. Nilikata kila kisicho ndoto: kukosea, kukohoa, kusubiri. Jamani, niliipenda kazi ile.

Siku ya mzee kuja nikahamishia kazi kwenye flashi, ambayo miaka ile tuliivaa shingoni kwa majivuno, nikashuka ngazi mbili mbili hadi chumba cha maonyesho. Haraka haraka haina baraka. Nilichobeba kilikuwa faili ya mradi, ile ndogo inayoiambia programu picha ikatwe wapi. Picha zenyewe zilibaki maabara, na mwenye ufunguo alikuwa ameshaifunga akaenda Upper Hill kumwona daktari. Kwenye skrini ikatokea miraba mitupu, mwanzo hadi mwisho. Mzee alikuwa ameketi mbele, kofia magotini. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kaseti si bado iko kwa begi yako?" mwenzangu akaninong'oneza.

"Iko, lakini ni mbichi. Haijakatwa chochote."

"Weka tu."

Tukaiazima kamera kwa waliokuwa na zamu, tukaiunganisha na televisheni, na mzee akaona yote: redio ikilia kifaranga, binti yake akikosea, akianza upya, akikosea tena. Mara ya sita alitazama saa yake. Nikajua tumekwisha.

Kisha likafika lile wingu. Binti amekaa kwenye jiwe, amechoka, anajiimbia wimbo ule ule kwa mwendo wake wa kweli, bila kujua anasikika. Sehemu hiyo mimi niliitupa siku ya kwanza ya kuhariri, hata sikuisikiliza.

"Kijana," mzee akasema, "hebu rudisha hapo."

Nikarudisha. Akaomba tena, na tena. Mara ya nne akamgeukia binti yake.

"Hii sauti ulikuwa unaificha wapi, hata nyumbani tusiisikie?"

"Sikuificha, Baba. Nyumbani kila nikianza huwa unaniambia ninyamaze."

Mzee aliigeuzageuza kofia yake. Mimi nilijifanya nashughulika na nyaya.

"Basi imba," akasema. "Hapa hapa. Leo mimi ndiye nitanyamaza."